Kipchoge hulala mchana. Na wewe mwenye mechi jioni?

Saa 12 asubuhi Eliud Kipchoge huwa tayari yuko barabarani na wenzake kule Kaptagat, Kenya. Mchana huo huo anarudi kitandani. Amewahi kueleza kwamba hulala kama masaa manane usiku na mawili mchana. Huyu ndiye aliyekimbia marathoni ya Berlin 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, kwa hiyo neno uvivu tuliweke pembeni.

Sawa, kwake hiyo ni kazi. Vipi wewe uliyelala saa 7 usiku, ukaamka saa 11 alfajiri kuwahi usafiri, na saa 11 jioni una mechi ya mtaani?

Wewe ndiye unayeuhitaji zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores, Uingereza, walichapisha jaribio la wanaume 10 waliolala masaa manne tu usiku. Baada ya chakula cha mchana, siku moja walipewa nusu saa walale, siku nyingine walikaa tu kimya. Kisha wakapimwa. Siku waliyolala, muda wao wa kukimbia mita 20 ulishuka kutoka wastani wa sekunde 3.97 hadi 3.88.

Sekunde 0.09 ni nini? Kwa kasi hiyo ni karibu nusu mita. Muulize straika yeyote nusu mita mbele ya beki ina maana gani! Kumbukumbu nayo iliboreka. Nguvu ya kukamata kwa mkono haikubadilika, kwa hiyo usitegemee kuamka ukiwa baunsa.

Sababu ni hii: kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo na kukuletea uchovu. Usingizi unaipunguza. Kahawa haiiondoi, inauziba tu ubongo usiihisi kwa muda.

Shida iko kwenye kuamka. Ukipitiliza ukazama kwenye usingizi mzito, unaamka kichwa kizito, miguu kama si yako. Weka alamu ya dakika 20 hadi 30, na uwe umeamka angalau saa nzima kabla ya filimbi. Watafiti wa Tunisia waliolinganisha dakika 25, 35 na 45 walipata matokeo bora kwenye 45, ila hapo jipe muda mrefu zaidi wa kuchangamka.

Saa 7 hadi 9 mchana ndiyo nzuri, mwili wenyewe unakuwa umelegea. Ukilala jioni utauharibu usingizi wa usiku, na usiku ndiko misuli inakofanyiwa ukarabati mkubwa. Huna kitanda kazini? Mkeka stoo unatosha.

Na kama unalala masaa manane kila usiku lakini bado unasinzia hadi kwenye benchi la akiba, alamu haitakusaidia. Kamuone daktari.