Ziwa likifungwa, mkopo nao upumzike

KWA wakazi wa Bangwe, Kibirizi, Katonga na Ujiji, kalenda ya biashara haianzi Januari. Huanza giza linapoingia, taa zikawashwa ziwani na dagaa wakafuata mwanga. Mbalamwezi inapowaka, vyombo hupandishwa ufukweni, nyavu hushonwa, na mama wakaushaji husubiri. Mapumziko hayo ya kila mwezi yamezoeleka, na kila mwenye biashara ya dagaa anajua namna ya kuyavuka.

Mwaka 2024 yalikuja mapumziko ya aina nyingine. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Serikali ilisimamisha uvuvi upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa hilo. Siku za mbalamwezi mtu huzivuka kwa akiba ya mfukoni, lakini miezi mitatu haivukiki hivyo. Ni robo nzima ya mwaka bila mauzo.

Makala haya hayaulizi kama ziwa lilistahili kupumzishwa. Yanauliza nani anabeba gharama ya mapumziko hayo, na mfanyabiashara mdogo afanye nini ili sera njema isimfilisi.

Kwa nini nchi nne

Ziwa Tanganyika halina mwenye mmoja. Kongo inamiliki takriban asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Dagaa na migebuka hawana pasipoti. Samaki anayeachwa leo upande wa Kigoma anaweza kuvuliwa kesho upande wa Kalemie au Uvira. Ndiyo maana nchi hizo zilisaini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa jijini Dar es Salaam, Juni 12, 2003, na baadaye kuunda Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura.

Kiuchumi, kufunga ziwa ni uwekezaji. Unaacha kipato cha leo ili upate zaidi kesho. Dagaa huishi takriban mwaka mmoja tu na huzaliana haraka, hivyo kuwapumzisha kunaweza kuonekana mapema. Migebuka huhitaji miaka zaidi. Hata hivyo, tusidanganyane kwamba kufunga pekee kutarudisha neema yote ya zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulieleza kuwa maji ya ziwa yanazidi kupata joto, na hivyo virutubisho vya kilindini havipandi juu kama zamani. Watafiti hao walikadiria kuwa uzalishaji wa chakula cha msingi ndani ya ziwa ulipungua kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30. Ziwa linalozalisha kidogo huchoka upesi likivuliwa bila kipimo.

Mwekezaji anaangalia nini

Wapo wanaodhani masharti ya mazingira yanafukuza mitaji. Anayetaka kujenga kiwanda cha barafu au ghala la ubaridi huuliza swali moja kwanza: miaka kumi ijayo samaki watakuwapo? Kama jibu halieleweki, fedha yake ataipeleka kwingine.

Tunao mfano wa karibu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya kuwapo taarifa za uvuvi wa kutumia sumu. Waliotia sumu majini walikuwa wachache, lakini walioumia ni pamoja na wavuvi waaminifu na wafanyakazi wa viwandani, ambao hawakuwahi kushika sumu hiyo. Soko halichagui mwema na mbaya likishapoteza imani.

Benki nazo zimeanza kuuliza maswali hayo. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo unaozitaka benki kuzingatia hatari za mabadiliko ya tabianchi katika shughuli zake. Mwaka 2023 Benki ya CRDB iliuza hatifungani ya kijani, iliyokusudia kukusanya Sh40 bilioni, ikapata zaidi ya Sh171 bilioni. Fedha ya kugharimia shughuli zinazotunza mazingira ipo nchini. Kinachosumbua ni jinsi itakavyomfikia mama mwenye chanja tano za dagaa.

Mzigo haulingani

Ziwa linapofungwa, tajiri mwenye vyombo vitatu hukarabati injini na kushona nyavu. Anaweza kuwa na nyumba ya kupangisha au duka. Mvuvi anayelipwa kwa mgao hana cha kukarabati. Mkaushaji naye ana kitu kimoja kisichofungwa: marejesho ya mkopo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mama mmoja anakopa Sh600,000 mwishoni mwa Aprili, arejeshe kwa miezi sita. Riba ni asilimia 3 kwa mwezi, ikikokotolewa kwa mkopo wote. Kila mwezi analipa Sh118,000. Marejesho matatu ya kwanza, ya mwisho wa Mei, Juni na Julai, yanaangukia ndani ya miezi ya kufungwa. Hayo ni Sh354,000. Kama nyumba yake inatumia Sh150,000 kwa mwezi, anahitaji Sh450,000 nyingine. Jumla ni Sh804,000 bila kuuza hata kisado kimoja.

Mama huyo huyo angekopa kiasi hicho hicho katikati ya Agosti, ziwa linapofunguliwa, angemaliza deni Februari. Riba ni ile ile, Sh108,000 kwa miezi sita. Mei ikifika anahitaji Sh450,000 tu za nyumbani. Tukihesabu wiki tatu za kazi kwa kila mwezi, katika miezi tisa ya uvuvi anapata wiki 27. Katika hali ya kwanza angelazimika kuweka akiba ya karibu Sh30,000 kila wiki ya kazi. Katika hali ya pili ni chini ya Sh17,000. Tofauti yote hiyo imeletwa na tarehe ya mkopo.

Anayeshindwa mahesabu hayo hukimbilia mikopo ya kausha damu, na hapo ndipo mtaji unapokwisha. Wengine hurudi ziwani usiku kwa kificho, wakanyang'anywa nyavu. Sera ikifika hapo, imeumiza mtu na haijamwokoa samaki.

Uwajibikaji wa kweli

Kampuni zetu zimezoea kuonyesha uwajibikaji kwa jamii kwa kutoa madawati, mabati na vyandarua. Si vibaya. Lakini taasisi inayokopesha katika mialo ya Kigoma inaweza kusaidia zaidi kwa jambo lisilohitaji picha gazetini: kupanga marejesho yafuate kalenda ya ziwa. Wakopeshaji wengine wamezoea kumsubiri mkulima hadi avune. Kwa mvuvi na mkaushaji, mavuno huanza Agosti.

Muuza nyavu naye ana wajibu wake. Anayeuza nyavu haramu kwa siri anauza hasara ya wateja wake mwenyewe. Mnunuzi wa jumla anayelipa bei moja kwa dagaa safi na dagaa wenye mchanga anamfundisha mkaushaji kwamba usafi hauna faida.

Burundi wana somo la kutufaa. Kuanzia mwaka 2004, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilisaidia wakaushaji kuacha kuanika dagaa mchangani na kutumia chanja za waya zilizoinuliwa kutoka ardhini. Kwa mujibu wa FAO, bei ya kilo ilipanda kutoka faranga 4,000 za Burundi mwaka 2004 hadi 9,000 mwaka 2013. Sehemu ya ongezeko hilo ni mfumuko wa bei, lakini dagaa waliokauka vizuri huhifadhika kwa muda mrefu zaidi. Na dagaa anayehifadhika ni akiba ya miezi ya kufungwa, kwani samaki wanapoadimika bei hupanda.

La kufanya sasa

Kwanza, kabla ya kusaini mkopo, hesabu marejesho mangapi yataangukia kati ya Mei 15 na Agosti 15. Yakizidi moja, omba tarehe ibadilishwe. Kikundi cha VICOBA kinaweza kuweka kanuni hiyo katika katiba yake bila kumsubiri mtu wa nje.

Pili, ulizia halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo haina riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Andaeni maombi mapema, kwani kikundi kisicho na usajili wala vitabu vya hesabu hakipiti.

Tatu, tenga gunia moja la dagaa bora katika kila giza zuri, lihifadhiwe pakavu, juu ya mbao na mbali na ukuta. Usiuze yote kwa sababu mnunuzi amekuja na lori.

Nne, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, vidai kuwapo katika vikao vinavyopanga tarehe. Anayelipa gharama ana haki ya kuuliza nchi jirani nazo zimefunga kweli au vipi, na baada ya ziwa kufunguliwa samaki wameongezeka kiasi gani.

Hata ratiba ikibadilishwa mwaka fulani, aliyejiandaa hatapoteza kitu. Fedha aliyoiweka kwa ajili ya Mei itamnunulia waya wa chanja.