Saini ya Mfalme

Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ilishushwa Tanganyika, lakini Malkia hakuondoka nayo. Kwa mwaka mzima uliofuata Elizabeth wa Pili aliendelea kuwa Malkia wa Tanganyika, na sheria zilitiwa saini kwa niaba yake na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Uganda ilianza vivyo hivyo Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963, na kila moja ililivua taji hilo baada ya miezi 12. Kwa hiyo ufalme wa kikatiba si habari ya Wazungu peke yao. Babu zetu waliishi chini yake, ingawa wengi hawakuwahi hata kuutambua.

Mfumo wenyewe ni mwepesi kueleza. Mkuu wa nchi ni mtu mmoja, mkuu wa serikali ni mwingine. Mfalme hurithi kiti chake. Waziri mkuu chake hukipata kwa kuungwa mkono na wabunge. Mfalme hufungua Bunge, hupokea mabalozi, humteua waziri mkuu ambaye wabunge wameshamkubali, na hutia saini kila muswada uliopita. Huko Uingereza mara ya mwisho saini hiyo kukataliwa ilikuwa 1708, enzi za Malkia Anne. Walter Bagehot, aliyeuchambua mfumo huo mwaka 1867, alimwachia mfalme haki tatu tu: kuombwa ushauri, kutia moyo na kuonya. Mpaka leo waziri mkuu huenda kuonana na mfalme kila wiki, wawili peke yao, na hakuna karani wa kuandika wanayosema.

Msomaji atauliza: saini isiyoweza kukataliwa ina kazi gani?

Kazi yake kubwa ni kukikalia kiti ili mwingine asikikalie. Mwaka 2022 Uingereza iliongozwa na mawaziri wakuu watatu, Johnson, Truss na Sunak, na katikati ya vurugu hizo Malkia mwenyewe akafariki. Chama tawala kiligombana hadharani, ila hakuna aliyeuliza jeshi linamtii nani. Kule ambako mtu mmoja ni rais, mkuu wa serikali, amiri jeshi na mwenyekiti wa chama, kumpinga yeye hugeuzwa haraka kuwa kuipinga nchi. Hilo sisi hatuhitaji kufundishwa. Waziri mkuu wa Uingereza huzomewa bungeni kila Jumatano, na nchi haitikisiki.

Watetezi wa ufalme hupenda zaidi mfano wa Hispania. Jioni ya tarehe 23 Februari 1981, Luteni Kanali Antonio Tejero aliingia bungeni Madrid na askari wake, bastola mkononi, risasi zikapigwa juu, wabunge wakajificha chini ya viti. Mjini Valencia Jenerali Milans del Bosch akatoa vifaru barabarani. Ilipopita saa saba usiku, Mfalme Juan Carlos alitokea kwenye televisheni akiwa amevaa sare ya kijeshi na kutangaza kuwa taji halitavumilia yeyote anayetaka kuivuruga demokrasia kwa nguvu. Kesho yake mchana Tejero alijisalimisha.

Ni kisa kizuri, lakini kuna jambo ambalo hupitiwa harakaharaka. Maofisa wengi walimsikiliza Juan Carlos kwa sababu Jenerali Franco mwenyewe ndiye aliyemteua mwaka 1969 awe mrithi wake. Utii ule ulikuwa na mizizi ya zamani kuliko katiba ya 1978. Demokrasia iliokolewa na mtu aliyewekwa na dikteta, na huwezi kuandika katiba ukitegemea bahati ya namna hiyo.

Tena ni mfalme huyohuyo anayetuonyesha hasara. Katiba ya Hispania inasema mfalme hagusiki wala hawajibishwi. Aprili 2012, wananchi wakiwa wamebanwa na mdororo wa uchumi, walipata habari kuwa mfalme wao amevunjika nyonga huko Botswana alikokwenda kuwinda tembo. Juni 2014 alimwachia mwanawe kiti, na Agosti 2020, uchunguzi wa fedha zake za nje ukiwa umepamba moto, akahamia Abu Dhabi. Machi 2022 waendesha mashtaka walifunga majalada, sababu mojawapo ikiwa kinga aliyokuwa nayo enzi za utawala wake.

Uingereza nayo ina ugonjwa wake, usioonekana kwa urahisi. Agosti 2019, katikati ya mvutano wa kujitoa Umoja wa Ulaya, Boris Johnson alimshauri Malkia aliahirishe Bunge kwa wiki tano. Malkia alikubali, maana kwa desturi hana budi kufuata ushauri wa waziri mkuu wake. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu, wakiongozwa na Lady Hale, walitamka kwa kauli moja kwamba uamuzi ule ulikuwa batili. Wengi walishangilia. Mimi nilibaki na swali dogo: mlinzi wa katiba alikuwa wapi? Madaraka ya kale ya mfalme hayakufutwa, yalihamia mezani kwa waziri mkuu, naye huyatumia kwa jina la mtu ambaye hakuna wa kumhoji.

Kwangu hilo ni zito kuliko gharama, ambayo ndiyo hupigiwa kelele zaidi. Pauni milioni 86.3 alizokuwa akipewa mfalme kwa mwaka miaka michache iliyopita si kitu kwa hazina ya nchi ile. Kinachokera ni kwamba, kwa makubaliano ya 1993, mali inayotoka kwa mfalme kwenda kwa mfalme anayemfuata haitozwi kodi ya mirathi, wakati raia wa kawaida mwenye mali nyingi warithi wake hukatwa hadi asilimia 40.

Na mfalme akikataa kusaini? Hapo ndipo mfumo unapopimwa. Aprili 1990 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, Mkatoliki wa dhati, alisema dhamiri yake haimruhusu kusaini sheria ya kuruhusu utoaji mimba. Serikali ikamtangaza kuwa hawezi kutawala, mawaziri wakaisaini wenyewe, na Bunge likamrudishia kiti kabla siku mbili hazijaisha. Luxembourg mwaka 2008, Grand Duke Henri alipokataa sheria ya kuwaruhusu wagonjwa mahututi kusaidiwa kufa, Bunge lilibadilisha katiba ili saini yake isiwe tena idhini.

Sasa tazama Uganda. Oktoba 1963 Kabaka Mutesa wa Pili alichaguliwa na Bunge kuwa Rais asiye na madaraka ya utendaji, huku akibaki Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda. Novemba 1964 ikapigwa kura ya maoni katika Buyaga na Bugangaizi, ardhi ya Bunyoro ambayo Waingereza waliipa Buganda mwishoni mwa karne ya 19. Wakazi walichagua kurudi Bunyoro. Rais alitakiwa kutia saini, lakini kwa saini hiyohiyo Kabaka angepoteza ardhi. Alikataa. Februari 1966 Waziri Mkuu Milton Obote aliisimamisha katiba. Mei, Lukiiko, baraza la Buganda, likaitaka serikali kuu iondoke katika ardhi yake. Tarehe 24 jeshi likiongozwa na Idi Amin likashambulia ikulu ya Mengo. Mutesa alitorokea London, akafia huko 1969. Falme zilipigwa marufuku kwa katiba ya 1967, na ziliporejea 1993 wafalme walizuiwa kushiriki siasa za vyama.

Baudouin hakupoteza hata shamba kwa sheria aliyoikataa. Mutesa alikuwa mhusika wa kesi aliyoletewa aisaini. Zanzibar ilikuwa na shida ya aina nyingine: uchaguzi wa Julai 1963 ulikipa chama cha ASP zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 kati ya 31, na uhuru ulipokuja tarehe 10 Desemba, Sultani Jamshid ndiye alikuwa kileleni mwa nchi yenye jeraha hilo. Kikatiba hakuwa na mkono katika hesabu ile ya viti. Ufalme wake katika nchi huru haukumaliza wiki tano, ukaondolewa na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Kwa hiyo anayeuangalia ufalme wa Ulaya na kutamani utulivu wake anakosea mahali pa kutazama. Utulivu ulikuja baada ya wafalme kushindwa ugomvi wao wa kugombea madaraka. Taji ni mabaki ya ushindi wa Bunge. Cha kuiga ni kutenganisha mkuu wa nchi na mkuu wa serikali, na hilo Ujerumani, Italia na Ireland hulifanya kwa marais wasiorithi chochote. Barbados ilimwondoa Malkia tarehe 30 Novemba 2021. Gavana Mkuu wake, Sandra Mason, aliyekuwa ameshachaguliwa na Bunge, aliapishwa kuwa Rais, akaendelea kutia saini sheria kama alivyokuwa akifanya.