Bustani ya maua chini ya mashua za Wabajuni

Ukiondoka Kismayo, Somalia, kwa mashua kuelekea kusini, ukapita visiwa vya Wabajuni vya Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, utaona maji yakibadilika kuwa kijani kilichokoza kila kina kinapopungua. Wageni hudhani ni mwani. Mwani hauna mizizi ya kweli wala hautoi ua. Haya ni majani ya bahari, na yanachanua humohumo majini.

Aina moja ya majani haya iliyoenea sana Afrika Mashariki, kuanzia Bahari ya Shamu hadi Msumbiji, ni Thalassodendron ciliatum. Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefariki Yemen mwaka 1763, ndiye aliyeiandikia maelezo ya kwanza ya kisayansi, yaliyochapishwa mwaka 1775.

Ukipata kikonyo kilichokatwa na mawimbi ya kusi, kitazame vizuri. Shina ni gumu kama kijiti, na kileleni kuna kishada cha majani yaliyopinda, ncha zake zikiwa na vimeno vidogo. Ua limejificha katikati ya majani hayo. Halina rangi ya kumvuta nyuki, kwani nyuki hafiki huko. Mmea dume na mmea jike ni mbalimbali. Chavua, nyembamba mithili ya nyuzi, husafirishwa na maji hadi kwa jike. La kustaajabisha zaidi, mbegu haidondoki: mche huota ungali umeshikamana na mama yake, kisha hukatika ukiwa na majani yake na kuchukuliwa na mkondo.

Vinigi Grottanelli, Mwitaliano aliyeandika kitabu kuhusu Wabajuni mwaka 1955, aliwaita wavuvi wa Bahari ya Hindi, na ni kweli. Lakini uvuvi huo unategemea majani haya. Tafi huyala, kasa huyala, samaki wachanga hujificha humo, na mizizi yake huushika mchanga usisombwe.

Nyavu za kukokota huyang'oa na mizizi yake, na eneo lililong'olewa huchukua miaka mingi kurudi. Sheria ya uvuvi ya Somalia ya mwaka 2014 iliupiga marufuku uvuvi wa nyavu za kukokota chini ya bahari. Marufuku hiyo itekelezwe, hasa huku kusini ambako meli za kigeni zina nguvu kuliko mvuvi mwenye mashipi na dema. Nawe nahodha, tafadhali tia nanga mchangani, usiitie juu ya majani.