Muziki wa Asili katika Maisha ya Kila Siku ya Nchi za Kikelti

1. Utangulizi

Msikilizaji aliye mbali na Ulaya hukutana na muziki uitwao wa Kikelti kwa njia ya sinema, ya matangazo ya biashara na ya vikundi vya wacheza densi wanaozunguka dunia. Humo husikia kinubi, filimbi na zumari yenye mfuko wa ngozi, huku akionyeshwa milima yenye ukungu na mawimbi ya bahari. Ni rahisi basi kudhani kwamba mkazi wa Dublin, wa Cardiff au wa Rennes huamka na kulala kwa sauti hizo. Wapo pia wanaodai kinyume chake: kwamba muziki huo umebaki kuwa wa watalii tu, na kwamba wenyeji hawaujali tena.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli zote mbili zimekosea, na kwamba kosa lao ni moja. Zote zinaupima muziki wa asili kwa kipimo cha muziki wa kuuzwa, yaani kwa kuuliza ni watu wangapi wanaousikiliza. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi swali la kwanza ni jingine: ni nani anayeupiga au kuuimba, katika shughuli gani, na kwa lugha gani?

2. Jina lenyewe

Katika isimu, jina Kikelti lina maana iliyo wazi. Mwaka 1707 mtaalamu wa Kiwelisi Edward Lhuyd alichapisha kitabu chake Archaeologia Britannica, ambamo alizilinganisha lugha hizo na kuonyesha undugu wao. Leo huhesabiwa lugha sita. Tawi moja lina Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti na Kimanksi cha Kisiwa cha Man. Tawi la pili lina Kiwelisi, Kikornishi cha Cornwall, na Kibretoni cha Bretagne, magharibi ya Ufaransa.

Muziki haufuati mti huo wa ukoo. Mdundo wa reel, unaopendwa kuliko yote katika vikao vya Ayalandi, ulitoka Uskoti katika karne ya 18. Fidla ilitoka bara la Ulaya, na akodiani ilibuniwa huko huko katika karne ya 19. Hata wazo la kuwa na «muziki wa Kikelti» mmoja lilienea hasa tangu miaka ya 1970, wakati Mbretoni Alan Stivell alipotoa sahani yake ya kinubi (1971) na kupiga katika ukumbi wa Olympia mjini Paris (1972), na wakati tamasha la Lorient lilipoanzishwa (1971). Mkulima wa jimbo la Clare aliyepiga fidla mwaka 1930 hakujua kwamba anapiga muziki wa Kikelti. Kwake ulikuwa muziki wa kijiji chake.

3. Ayalandi: kutoka jikoni hadi baa

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, makao ya muziki wa mashambani katika Ayalandi yalikuwa jikoni. Majirani walikusanyika jioni katika nyumba moja, meza ikasogezwa ukutani, mpiga fidla akaketi karibu na moto, na watu wakacheza. Muziki ulikuwa na kazi ya kufanya: bila mpigaji hapakuwa na densi, na bila densi vijana walikosa mahali pa kukutana.

Mapadri wengi hawakuipenda mikusanyiko hiyo isiyo na msimamizi. Mwaka 1935 ilipitishwa sheria iliyodai kibali cha mahakama kwa kila densi ya hadhara. Sheria hiyo haikulenga jikoni, lakini mahali pengi ilitumiwa na polisi na mapadri dhidi ya densi za nyumbani. Densi ikahamia ukumbini, ambako fidla moja haikutosha. Zikahitajika bendi za wapigaji wengi.

Pigo la pili lilikuwa uhamaji. Katika miaka ya 1950 peke yake watu wapatao 400,000 waliiacha nchi, wengi wao wakielekea Uingereza. Ni katika baa za London, mitaa kama Camden Town, ambako wajenzi wa barabara na nyumba, waliokosa jikoni za mama zao, walizoea kupiga pamoja baada ya kazi. Desturi hiyo ilienea baadaye katika Ayalandi yenyewe. Kwa hiyo kikao cha baa, ambacho mgeni hukiona kuwa urithi wa kale, ni rika la okestra OK Jazz, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1956. Ni mtoto wa uhamaji, si mabaki ya zama za wafalme.

Kikao hicho kina kanuni zake. Wapigaji hukaa wakitazamana, si wakiwatazama watu. Kila wimbo una sehemu mbili fupi zinazorudiwa. Hupigwa mara mbili au tatu, kisha mmoja wao huingiza wimbo mwingine bila kusimama, na wenzake humfuata. Hakuna karatasi ya noti mezani. Anayeujua wimbo hujiunga, asiyeujua hungoja. Pembeni yao wateja wengine huendelea na mazungumzo yao, wala hakuna anayeona kwamba ni utovu wa adabu. Mgeni anayekuja akitaka onyesho huenda akarudi amevunjika moyo, kwa sababu hakuonyeshwa kitu. Alikuta tu watu wakiwa pamoja.

Je, wapigaji hao ni wengi? Wakilinganishwa na wananchi wote, ni wachache. Redioni na katika simu, Waayalandi walio wengi husikiliza muziki ule ule wa pop na roki unaosikilizwa Ulaya nzima. Mashambani, ambako mgeni angetazamia fidla, muziki wa kantri wa asili ya Marekani una wapenzi wengi sana, na kabla ya hapo, katika miaka ya 1950 na 1960, kumbi zilijazwa na bendi zilizoiga nyimbo za kigeni zilizovuma.

Hata hivyo, wachache hao wamejipanga. Chama cha Comhaltas Ceoltóirí Éireann, kilichoanzishwa mwaka 1951, kina mamia ya matawi ndani na nje ya nchi, na mashindano yake ya kila mwaka huvuta umati mkubwa. Tangu mwaka 1973, mji mdogo wa Miltown Malbay hupokea kila Julai wanafunzi wa shule ya majira ya joto iliyopewa jina la mpiga zumari Willie Clancy. Humo mtoto wa miaka kumi hujifunza kwa sikio, ana kwa ana na fundi. Aidha, katika shule nyingi za msingi watoto hufundishwa filimbi ya bati. Wengi huiacha, lakini Mwayalandi ambaye hakuwahi kuishika si rahisi kumpata.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba asili haikatai kitu kipya. Buzuki ya Kigiriki iliingia katika vikao vya Ayalandi katika miaka ya 1960, na leo hakuna anayeiita ngeni. Msomaji wa Katanga hatastaajabu. Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Likasi mwaka 1952, gitaa nalo lilikuwa chombo cha kigeni. Walakini leo nyimbo za Kiswahili za Mwenda huhesabiwa kuwa urithi wa nchi. Chombo kuwa cha wenyeji hakutokani na mahali kilipoundwa, bali na kazi kinayofanya kati ya watu.

4. Uskoti na Welisi: muziki usioitwa wa asili

Neno la Kigaeli cèilidh kwa asili lina maana ya kutembeleana: majirani waliketi motoni, wakasimulia ngano na kuimba. Siku hizi neno hilo hutumika zaidi kwa karamu ya densi yenye bendi na mtu wa kutangaza hatua. Watoto wa Uskoti hufundishwa densi hizo shuleni, hasa Krismasi inapokaribia. Ndiyo maana karani wa Glasgow asiyenunua kamwe muziki wa fidla huweza, katika arusi ya binamu yake, kucheza usiku kucha pasipo kukosea. Ukimhesabu kwa yale anayosikiliza, muziki wa asili haumo katika maisha yake. Ukimhesabu kwa arusi na kwa usiku wa mwaka mpya, umo.

Mfano ulio bora zaidi ni ule usioonekana katika matangazo hata kidogo. Katika kisiwa cha Lewis, makanisa ya Kipresbiteri huimba zaburi kwa Kigaeli bila chombo chochote. Kiongozi hutoa mstari, na waumini huupokea, kila mmoja akiupamba kwa namna yake, hata sauti zikapanda na kushuka kama maji. Waimbaji hao hawajioni kuwa wasanii wa asili. Wanajiona kuwa watu wanaosali. Lakini kwa kipimo cha desturi, yaani kurudiwa, kurithishwa na kushirikiwa, ni vigumu kupata muziki ulio wa asili kuliko huo.

Welisi inatoa fundisho la namna hiyo hiyo. Uamsho wa Kimethodisti wa karne ya 18 na uliofuata ulilaani fidla na densi, na nyimbo nyingi za vyombo zikapotea. Kinubi chenye safu tatu za nyuzi kiliokolewa kwa sehemu kubwa na Waroma wa ukoo wa Abram Wood, watu waliodharauliwa na majirani zao. Badala ya densi ikaja kwaya. Kwa msaada wa noti za solfa, wachimba makaa wasiojua noti za mistari waliimba tenzi kwa sauti nne. Leo makanisa mengi yamefungwa, na uimbaji umehamia katika viwanja vya mchezo na katika Eisteddfod ya Taifa, inayoendeshwa kila mwaka kwa Kiwelisi. Wimbo wa Dafydd Iwan «Yma o Hyd», uliotungwa mwaka 1983, ulifanywa wimbo rasmi wa timu ya taifa katika Kombe la Dunia la 2022. Si wa kale. Lakini umepita kutoka mikononi mwa mtunzi hadi vinywani mwa watu, na hiyo ndiyo njia iliyopitiwa na nyimbo zote za asili.

5. Bretagne: densi iliyofufuliwa

Katika Bretagne wakulima walikuwa wakicheza usiku baada ya mavuno na kazi nyingine za ushirika. Mashine za kilimo ziliondoa ushirika ule, na densi ikaanza kufa pamoja nao. Katika miaka ya 1950 Loeiz Ropars aliwaita tena waimbaji wa kan ha diskan, yaani wimbo na majibizano: mmoja huimba, wa pili hudaka maneno ya mwisho na kurudia, na wacheza huzunguka wakishikana. Sherehe hiyo ya usiku, fest-noz, haikurudi shambani. Ilirudi ukumbini, kwa tiketi.

Haikuwa igizo tupu, hata hivyo. Ilipoandikwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi usioshikika, orodha ile ile iliyopokea rumba ya Kongo mwaka 2021, ilikadiriwa kwamba sherehe zipatazo elfu moja hufanyika kila mwaka. Mzee na kijana hushikana kidole katika mstari mmoja, jambo ambalo disko haikulileta.

6. Wimbo na lugha

Hapa ndipo penye jambo zito. Wakati sherehe zimestawi, lugha imepungua. Karibu na mwaka 1950 wasemaji wa Kibretoni walikadiriwa kuwa milioni moja. Uchunguzi wa mwaka 2024 ulikuta wapatao 107,000, wengi wao wazee. Katika Ayalandi, sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya watu 1,800,000 walisema wanajua Kiayalandi, lakini wapatao 72,000 tu ndio wanaokitumia kila siku nje ya shule.

Muziki wa vyombo huweza kuishi bila lugha: mpigaji wa Tokyo hujifunza reel bila neno moja la Kiayalandi. Wimbo hauwezi. Uimbaji wa sean-nós, yaani wa «mtindo wa kale», ambao huimbwa na mtu mmoja bila chombo, hufuata urefu wa silabi na uzito wa maneno. Urembo wa sauti umewekwa mahali ambapo maana inaudai. Mashindano ya Oireachtas, yaliyoanzishwa mwaka 1897, yanaulinda na kuupa heshima. Lakini shindano haliwezi kuchukua nafasi ya nyumba ambamo mtoto husikia maneno hayo kabla hajaambiwa kwamba ni sanaa. Lugha ikitoka nyumbani, wimbo hubaki na sauti yake, ila anayeusikiliza huhitaji mfasiri.

Ni kweli pia kwamba muziki umewaongoza wengine kurudi kwenye lugha. Shule za Diwan, zinazofundisha kwa Kibretoni, zilianzishwa mwaka 1977, katika kizazi kile kile kilichofufua muziki. Lakini walioingia kwa mlango wa densi ni wengi kuliko waliofika kwenye sarufi.

7. Hitimisho

Muziki wa asili, basi, si muziki wa kila siku wa Wakelti walio wengi. Kwa wachache ni mazoezi ya kila juma. Kwa wengi ni muziki wa arusi, wa mazishi, wa uwanja wa mchezo na wa mwaka mpya. Uhai wake unatokana na vyama, shule na watu wanaojitolea, si na damu wala ukungu wa milimani. Na pale unapotumika kwa mazoea zaidi, kama katika zaburi za Lewis, wenyewe hawauiti wa asili kamwe.

Kwa mtafiti wa Kiswahili, fundisho liko karibu. Anayetaka kujua kama nyimbo za jando, za msiba au za kazi zingali hai asihesabu tamasha wala rekodi. Aende msibani, asikilize ni nani anayeanzisha wimbo, ni nani anayeitikia, na kama watoto waliosimama nyuma wanayaelewa maneno.