Darasa Hujengwa kwa Miezi, Mwalimu Hulipwa kwa Miaka

Kila mwezi Januari unapoingia wazazi hupiga hesabu ya sare, viatu na madaftari. Gharama ambayo wengi wetu hatuihesabu ni ya mwalimu atakayesimama mbele ya mtoto huyo. Hapo ndipo penye kiini cha matatizo ya shule zetu.

Mara tatu Tanzania imefungua milango ya shule za msingi kwa watoto wote, na mara zote tatu watoto wamefika kabla ya walimu.

Mara ya kwanza ilitokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Kwa hiyo maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Bila wao shule nyingi za vijijini zisingefunguliwa, ingawa walijifunza kazi mbele ya watoto wa watu.

Mara ya pili ni mwaka 2002, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, na ada ikafutwa. Wanafunzi waliongezeka kutoka karibu milioni 5 mwaka 2001 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. MMEM iliweka ruzuku ya Sh. 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikaribia dola 10 za Marekani.

Mara ya tatu ni Januari 2016, ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne. Ruzuku ya shule ya msingi ilikuwa bado Sh. 10,000, wakati thamani yake ilikwisha kushuka chini ya dola 5. Tena, Sh. 4,000 kati ya hizo zilibaki Serikalini kununulia vitabu. Shule yenye watoto 500 ilipaswa kupokea Sh. milioni 3 kwa mwaka, yaani Sh. 250,000 kwa mwezi, za chaki, mitihani, ukarabati na mengineyo yote.

Kujenga tunaweza. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, kwa sehemu ya mkopo wa Sh. trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Lakini darasa hulipiwa mara moja, na siku ya kulizindua hukatwa utepe. Mwalimu husomeshwa miaka miwili au zaidi, kisha hulipwa kila mwezi mpaka astaafu, na hakuna utepe wa kumkatia. Mfadhili hupenda matofali. Mshahara huachiwa bajeti yetu wenyewe. Ndiyo sababu tumeshuhudia vijana wenye vyeti vya ualimu wakikaa mitaani miaka kadhaa wakingoja ajira, huku shule zikilia kwa uhaba wa walimu.

Aidha, hata anayeajiriwa akipangwa kijijini pasipo na nyumba ya mwalimu, ombi lake la kwanza huwa uhamisho. Huja mjini, ambako watoto wamejaa darasani hata haoni wa nyuma. Kijijini shule ya madarasa saba hubaki na walimu wachache wa kupokezana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila tangazo la kupanua elimu hapana budi liambatane na majibu matatu: wataajiriwa walimu wangapi, watalala wapi, na watalipwa kutoka fungu gani. Mzazi naye aulize hayo kwenye kikao cha shule, na amwulize diwani na mbunge wake.

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza hawezi kumsubiri mwalimu aliyeanza chuo mwaka huo huo. Mwalimu atakapohitimu, mtoto atakuwa yuko darasa la tatu, na huenda bado hajui kusoma.