Fahamu: Je, mhakiki wa mchezo wa video autaje utamu wake?

Mwaka 2015, kampuni ya Black Division Games ya Nairobi ilipotoa Nairobi X, mchezo wa video ambamo kikosi maalumu hupambana na wavamizi waliotoka sayari nyingine, ilikuwa rahisi mno kuusifu kwa kuwa ni wetu, pasipo kuuliza kama unafurahisha. Wapo wasemao furaha haipimiki, basi mhakiki na atosheke na picha na sauti; rai hiyo ni dhaifu, maana kijana wa kijijini anunuaye bando kwa shilingi zake haba hutaka kwanza kujua kama ataburudika. Hata mchezo wa Papers, Please wa 2013, ambamo mchezaji hukagua pasipoti mpakani, kazi waionayo watu wa Taveta wavukapo kwenda Holili, Tanzania, hauchekeshi, walakini humnasa mtu. Mhakiki na abainishe sababu.