Somo la Uamuzi Halisimami Peke Yake

Mwaka 1978 watafiti watatu walichapisha majibu ya swali walilowauliza watu 60, madaktari na wanafunzi wa udaktari wakiwamo, katika hospitali za kufundishia za Harvard, Marekani. Kuna ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo chake huwasingizia asilimia 5 ya watu wasio nao. Mtu ambaye hujui dalili zake zozote amepimwa, na kipimo kimeonyesha anao. Je, uwezekano kwamba anaumwa kweli ni kiasi gani?

Karibu nusu walijibu asilimia 95. Waliopatia walikuwa 11.

Tuhesabu pamoja. Chukua watu 1,000. Mgonjwa ni 1, na tuseme kipimo kinamwona. Kati ya 999 waliobaki, kipimo kitawasingizia kama 50. Basi walioambiwa wanao ni 51 hivi, na mgonjwa wa kweli ni mmoja tu. Uwezekano ni kama asilimia 2. Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Waliokosea hawakupungukiwa akili. Walikosa zoea la kuuliza kwanza ugonjwa wenyewe umeenea kiasi gani. Na mgonjwa anayeanzishiwa matibabu asiyoyahitaji ndiye anayelipia.

Zoea hilo hufundishika. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, kina idara ya sayansi ya jamii na uamuzi. Mwanafunzi anaweza kusoma uamuzi kama somo kuu la shahada yake, au kama somo dogo sambamba na fani nyingine. Humo hukutana na takwimu, uchumi na saikolojia: jinsi ya kupima uwezekano, jinsi watu wanavyochagua kwa kweli, na namna ya kuwasaidia wachague vizuri zaidi. Ndiko alikofundisha Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Simon alieleza kwamba binadamu hapimi kila njia ili apate iliyo bora kuliko zote. Hutafuta mpaka aione inayotosha, kisha huacha. Anayetafuta chumba cha kupanga Mwanza hakagui nyumba zote za mji.

Mimi naona mahali bora pa kusomea uamuzi ni hapo kwenye somo dogo. Uamuzi daima ni uamuzi wa jambo fulani, na asiyelijua jambo lenyewe atabaki na nadharia mkononi.

Mfano mzuri unatoka Busia, magharibi mwa Kenya. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifuatilia wakulima wa mahindi ambao karibu wote walisema msimu ujao watatia mbolea. Msimu ulipofika, wengi hawakutia. Ingekuwa rahisi kudai kwamba hawajaelimishwa, au kwamba mbolea ni ghali mno. Watafiti wakaitazama kalenda ya shamba. Fedha huwapo baada ya mavuno; mbolea huhitajika miezi kadhaa baadaye, wakati ada, ugonjwa na misiba vimekwisha kuzichukua. Wakawafuata wakulima mara tu baada ya mavuno, wakawauzia mbolea kwa bei ya kawaida, wakaahidi kuipeleka nyumbani bila malipo. Matumizi ya mbolea yaliongezeka kwa asilimia 47 hadi 70. Ongezeko hilo lilizidi lile la kupunguza bei kwa nusu na kupeleka bure baadaye katika msimu. Utafiti ulichapishwa mwaka 2011.

Asiyejua kilimo asingeliona pengo kati ya mavuno na kupanda. Anayejua kilimo tu angehubiri faida za mbolea kwa watu wanaozijua tayari. Ndiyo maana natamani kumwona bwana shamba, muuguzi, mhandisi wa maji na ofisa mipango akiwa amesoma uamuzi pembeni ya fani yake.

Kama chuo chako hakina somo hili, usisubiri lianzishwe. Tumia nafasi za masomo ya hiari: chukua takwimu na uwezekano kwanza, kisha saikolojia, kisha uchumi. Usiiruke takwimu kwa kuogopa hesabu, kwa maana bila hiyo hutaweza kujua kama ushauri unaowapa watu unawafaa.